Msamaha wa Kaburini

Mama Pasi aliropoka kaburini, na tangu siku ile watu wakawa wanamsifu kwa jambo lililomnyima raha.

Aliyezikwa alikuwa fundi wa mafriji, mtu mrefu kama nguzo ya umeme, mcheshi, mikono yake ikinuka gesi na sabuni. Mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi. Zamani, kabla hajaoa, alizaa na Mama Pasi mtoto mmoja wa kike, na baada ya kuzaa akawa mgumu kuonekana. Mama Pasi, ambaye wakati huo alikuwa msichana tu na pasi yake ya mkaa, alimpeleka mahakamani. Mahakama ikamwamuru Fundi alipe gharama za uzazi, kisha atoe matunzo ya mtoto kila mwezi mpaka awe mtu mzima. Fundi alilipa matunzo ya miezi ya mwanzo, gharama za uzazi hakuzigusa. Baada ya hapo akawa analipa kwa hadithi. Leo mteja hajalipa, kesho ameibiwa vifaa, keshokutwa anaumwa mgongo. Mama Pasi alichoka kumfuata. Akamwachia Mungu, akaendelea kupiga pasi, na mtoto akakua. Akarefuka hadi wenzake shuleni wakamwita Mlingoti. Urefu huo ndio matunzo pekee ambayo baba yake hakuyakatisha.

Kisha Fundi akaanguka karakanani kwake, presha, akafa kabla ya kufika hospitali. Aliacha mjane na watoto wawili wadogo wa kiume, nyumba, karakana, na vyumba vya uani vya kupangisha.

Mazikoni, kaka yake mkubwa alisimama mbele ya jeneza. Alikuwa mwalimu mstaafu, na mpaka leo watu humwita Mwalimu tu. Akasema kwa sauti ya darasani, "Ndugu zangu, marehemu alikuwa binadamu. Kama kuna anayemdai, aje kwangu. Na kama kuna mwenye moyo wa kusamehe, asamehe hapa hapa, tumpunguzie ndugu yetu mzigo."

Mwenye duka la vifaa vya umeme akakohoa, akatazama viatu vyake. Mama Pasi hakuwa amekwenda kudai wala kusamehe, alimpeleka binti yake kumzika baba. Lakini aliwaona wale watoto wawili wamemng'ang'ania mama yao, mdogo amevaa shati limefungwa vifungo upande, hakuna aliyepata nafasi ya kumrekebisha. Moyo ukamyeyuka kama mafuta ya nazi kwenye jua. Kabla hajajijua, mdomo ukafunguka.

"Mimi nimemsamehe. Kila kitu. Mungu naye amsamehe."

"Amina!" watu wakaitika kwa nguvu. Mwanamke mmoja akamkumbatia. Mwalimu akainamisha kichwa kumshukuru. Ni Mlingoti peke yake, aliyekuwa amemshika mama yake mkono, ambaye aliuachia mkono ule.

Hakusema kitu siku hiyo. Wala wiki iliyofuata. Lakini mama mtu alimjua mwanawe. Mlingoti akiwa na hasira hapigi kelele, husafisha. Alisugua sufuria zikang'aa mpaka majirani wakauliza kama wanatarajia wageni.

Kibanda cha Mama Pasi kilikuwa ukutani mwa nyumba waliyopanga. Kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, kamba ya kutundikia nguo zilizo tayari, na bakuli la maji ya kunyunyizia. Asubuhi moja alikuwa anapepea mkaa, jivu linaruka, alipoingia shoga yake, muuza mitumba. Huyu watu walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Shoga, umesikia?" Redio aliweka furushi lake juu ya nguo zilizokwisha pigwa pasi.

"Toa hilo zigo hapo! Hayo ni mashati ya watu wa benki."

"Wasubiri. Mwalimu ameteuliwa msimamizi wa mirathi. Tangazo limebandikwa mahakamani, mwenye kumdai marehemu ajitokeze kabla mali haijagawanywa. Wakishagawana, utabaki kuimba."

"Sina ninachodai."

"Huna? Yule mtoto ulimlea kwa maji ya bomba?"

"Nilishasamehe, mbele ya watu na mbele ya Mungu. Unataka nirudi kulamba matapishi?"

Redio akacheka, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Vizuri. Chuo cha uuguzi si kimemchukua binti? Basi nenda kwa mkuu wa chuo umwambie, mimi ni mtu wa kusamehe sana, nimesamehe mpaka maiti, naomba na nyinyi mnisamehe ada."

Mama Pasi aliigeukia pasi yake. Alilowesha kidole, akagusa chini ya pasi, pasi ikafanya *tss*. Alianza kola, kama kawaida yake, kola kwanza, mikono baadaye, kifua mwisho. Redio alipoondoka na furushi lake, ndipo Mama Pasi alipogundua amepiga pasi kola ileile zaidi ya mara mbili.

Ada ndiyo iliyokuwa shida yenyewe. Chuo kilimpa Mlingoti nafasi, na nafasi haingoji. Mama Pasi alikuwa amehesabu kila njia na kila njia ilimrudisha palepale mlangoni kwake. Pasi moja hulisha watu wawili. Haisomeshi muuguzi.

Jioni ile, wakiwa wanakunja nguo za mteja, Mlingoti alivunja kimya chake.

"Mama, nikuulize bila ugomvi?"

"Uliza."

"Pale kaburini ulisamehe nini?"

"Kila kitu. Si ulisikia?"

"Na vyangu?"

"Vyako vipi?"

Mlingoti alilaza suruali mezani, akaufuata mkunjo kwa kidole. "Viatu vya kuazima. Mwaka niliokaa nyumbani wenzangu wakiwa darasani. Ile homa, ulipouza kitanda chako ukalala chini. Hayo yote uliyasamehe kwa niaba yangu?"

"Mwanangu, neno limeshatoka mbele ya Mungu. Mimi si mtu wa kusema na kujirudi."

"Sijasema Mungu hakusikia." Sauti ya binti ilikuwa ya chini, haina ukali. "Nasema mimi hukuniuliza. Mama, mimi baba yangu nimemsamehe siku nyingi. Lakini nilitaka nisamehe mwenyewe. Hela ni jambo jingine."

Kisha akachukua sufuria kwenda kuisugua.

Mama Pasi alipopiga magoti kusali, sala haikwenda. Alikuwa mtu wa sala tangu utoto, anajua jinsi sala inavyokwenda ikiwa njia ni nyeupe. Hii ilikuwa inagonga ukuta na kurudi. Akaacha maneno aliyoyazoea, akakaa kimya tu mbele ya Mungu wake, kama mtu anayesubiri zamu. Ndipo likamjia wazo la kawaida kabisa. Ikiwa jirani anasafiri na kukuachia kuku wake umtunzie, kisha akaja mwenye njaa mlangoni ukamchinjia kuku yule, umetoa sadaka? Mwenye njaa ameshiba, kweli. Watu wamekusifu. Lakini jirani akirudi utamwonyesha nini, manyoya?

"Nimetoa sadaka kuku wa mtu," alisema kwa sauti, peke yake chumbani. Akaona haya, kisha akajikuta anatabasamu, kwa kuwa mzigo ukijulikana jina lake huwa umeanza kushuka.

Lakini swali jingine likabaki. Neno lake mwenyewe je? Lile hakutaka kulila.

Kesho yake alivaa gauni lake la ibada, akamchukua Mlingoti, wakaenda nyumbani kwa Mwalimu, ambako familia ilikuwa inakutana. Sebule ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, picha ya marehemu ukutani akicheka na bisibisi mkononi. Mwalimu alikaa kwenye kiti chake cha mbao. Dada wa marehemu, shangazi yake Mlingoti, alikuwa amejaa kochi zima. Mjane alikaa mkekani karibu na mlango, mguu mmoja nje mmoja ndani, kama mtu ambaye hajui bado kama nyumba ni yake.

"Karibu shemeji," Mwalimu alisema. "Karibu sana. Wema wako hatujausahau."

"Ndio nimekuja kuuzungumzia huo wema." Mama Pasi alibaki amesimama. "Shemeji, nilikosea. Nilisamehe kisichokuwa changu. Matunzo yalikuwa ya mtoto, na mtoto huyu hapa, amekuwa mkubwa, ana mdomo wake. Anayadai."

Shangazi akapiga makofi, pa! "Heee! Mambo! Asubuhi msamaha, jioni deni. Ungesubiri basi hata majani yaote pale kaburini."

"Wifi, usiniseme."

"Sikusemi, nakusifu! Ulipigiwa amina na mtaa mzima. Sasa hizo amina tuzirudishe wapi?"

"Shangazi," Mlingoti alisema kwa heshima, "amina ubaki nazo. Mimi nataka kwenda shule."

Mwalimu alicheka bila kupenda, akajifanya anakohoa. Kisha akawa na uso wa kazi. "Mwanangu, mimi sina ubaya na wewe. Lakini niliuliza mbele ya watu, na mama yako akajibu mbele ya watu. Nikikulipa, kesho atakuja mwingine aliyesamehe, aseme naye alikosea. Nitasimamia mirathi gani? Na hawa wadogo wana haki yao."

Mjane alijiinamia pale mkekani. Alimvuta mtoto wake mdogo karibu, akawa anamchana nywele kwa vidole.

"Basi shemeji," Mama Pasi alisema, "wewe umesoma, mimi nimeishia la saba. Twende kwa mwenye kujua kuliko sisi wote. Akisema sina, nitarudi nyumbani na pasi yangu, wala hutanisikia nikikusema vibaya."

"Hilo nalikubali," alisema Mwalimu, na alimaanisha.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, madirisha yako juu, benchi zimelainishwa na makalio ya watu wenye shida. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, mafua yamemshika. Redio alijileta mwenyewe bila kualikwa, akakaa nyuma na furushi lake.

Hakimu alisikiliza pande zote. Akaagiza jalada la zamani, akalisoma taratibu huku akijifuta pua.

"Msimamizi," alimwambia Mwalimu, "unakubali kwamba huyu binti ni wa marehemu?"

Mwalimu alimtazama Mlingoti kuanzia chini, akapandisha macho, akapandisha, mpaka akafika. "Mheshimiwa, nikikataa, kimo chake kitanisuta."

Watu wakacheka. Hata hakimu.

"Sawa. Amri hii ina sehemu mbili. Ya kwanza, gharama za uzazi, alipwe mama. Ya pili, matunzo, na hapa imeandikwa ni kwa ajili ya mtoto. Mama alikuwa anayapokea kwa mkono wake tu, kama mtu anayepokea barua ya mwenzake." Akamgeukia Mama Pasi. "Mama, ulisema umesamehe?"

"Nilisema, mheshimiwa. Siwezi kukana."

"Hakuna anayekuambia ukane. Mtu anasamehe cha kwake. Cha mtoto hukuwa na uwezo wa kukisamehe hata kama ungeapa juu ya mlima. Matunzo ambayo hayakulipwa ni deni la marehemu. Deni hulipwa kwanza, urithi hufuata. Na deni likishalipwa, binti huyu ni mtoto wa marehemu, naye ana fungu lake pamoja na wadogo zake. Msimamizi, umeelewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa." Mwalimu alikuwa amekaa wima kama mwanafunzi. "Na kosa ni langu. Nilidhani nampunguzia ndugu yangu mzigo, kumbe nilikuwa nauhamisha tu kwa mtoto."

Mama Pasi akanyoosha mkono.

"Sema, mama."

"Mheshimiwa, ile sehemu ya kwanza. Gharama za uzazi. Hizo ni zangu mimi?"

"Ni zako. Unazidai?"

"Hapana. Hizo nilizisamehe, na zibaki zimesamehewa. Nilimwambia Mungu, na Yeye hajanikosea kitu."

Nyuma ya chumba Redio alifyonza, msonyo mrefu kama mlango unaohitaji mafuta. Askari akamwonyesha kidole. "We mama, kimya au toka!"

"Ni jino, afande," alisema Redio. "Linaniuma nikisikia ujinga."

Hakimu aliandika, na alipokuwa anaandika alikuwa anatabasamu. Kisha akauliza deni litalipwaje. Fedha taslimu alizoacha marehemu zilikuwa zimekwisha kwenye mazishi na madeni ya vipuri. Kilichobaki cha kuuzwa haraka ni karakana.

Hapo mjane akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kusikia sauti yake. "Mheshimiwa, sipingi mtoto kulipwa. Lakini karakana ina vijana wanaofanya kazi, na tunakula humo. Ikiuzwa, wanangu watakuwa kama dada yao alivyokuwa. Tutakuwa tumehamisha njaa tu, kutoka nyumba hii kwenda ile."

Mama Pasi alimwelewa kila neno. Alitaka kusema jambo, ulimi ulishafika kwenye meno, lakini safari hii akaufyata. Akamgeukia binti yake. "Cha kwako hiki," alimnong'oneza. "Sema wewe."

Mlingoti akasimama, kichwa kikakaribia taa. "Karakana isiuzwe, mheshimiwa. Wale ni wadogo zangu. Kuna vile vyumba vya uani. Kodi yake iwe inalipa deni langu mpaka liishe, na ya kwanza iende chuoni moja kwa moja. Likiisha, tutagawana kama sheria inavyosema."

"Msimamizi?"

"Mheshimiwa," Mwalimu alisema, "nimefundisha miaka mingi, na mwanafunzi huyu ningempa vema." Kisha akaongeza, "Wapangaji nitawaomba walipe kodi ya miezi ya mbele, ada iwahi."

Mjane naye akakubali, akakaa, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu mazikoni.

Ada ikawahi. Mlingoti akapata nafasi yake, sare nyeupe, na viatu vipya ambavyo ilibidi viagizwe, maana duka la kawaida halikuwa na saizi yake.

Miezi iliyolipiwa mbele ilipokwisha, kodi iliyofuata ililetwa na mjane mwenyewe. Mwalimu alitaka kuileta, mjane akamwambia asijisumbue. Alifika kibandani na watoto wote wawili. Mlingoti alikuwa nyumbani siku hiyo, akahesabu, akasaini, kisha akawachukua wadogo zake uani akawapime mapigo ya moyo, maana alikuwa amejifunza wiki hiyo na hakuna mtu mtaani aliyebaki bila kupimwa.

Mama Pasi akaweka chai. Wakakaa wanawake wawili, mmoja kwenye benchi, mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa, kila mmoja akipuliza kikombe chake.

"Dada," mjane alianza, "kuna kitu nataka nikuulize, nisije nikafa nacho."

"Uliza mdogo wangu."

"Mume wangu, kila mwisho wa mwezi, alikuwa anavaa shati zuri, anajipaka manukato, ananiambia, napeleka matunzo ya mtoto. Mimi nampigia pasi lile shati kwa mkono wangu. Namwambia msalimie mtoto."

Mama Pasi akaweka kikombe chini. "Kwangu?"

"Kwako."

"Kwangu alikuja mara moja katika mwaka mzima. Akaomba maji ya kunywa. Tena akasema maji yangu si baridi."

Wakatazamana.

"Sasa alikuwa anakwenda wapi?" mjane akauliza.

Aliyepaswa kujibu alikuwa amelala chini ya udongo na manukato yake. Kicheko kilianza kwa mjane, tumboni, kama injini ya friji inayogoma kisha inashika. Mama Pasi alijaribu kujizuia, kwa sababu marehemu hachekwi, lakini chai ikampalia, ikatokea puani, na hapo mambo yakaharibika. Walicheka mpaka wakafutana machozi kwa kanga moja.

"Mungu amrehemu," alisema Mama Pasi alipopata pumzi.

"Amrehemu," mjane akaitika. "Lakini amuulize kwanza."

Mlingoti akachungulia kutoka uani, akiwa amemshika mdogo wake kifundo cha mkono. "Jamani, mnamsengenya baba yangu?"

"Hatumsengenyi, mwanangu," alisema Mama Pasi, akijaribu kuweka uso wa ibada na kushindwa. "Tunamwombea. Endelea kuhesabu."